Zaina na ubao wa vipande vilivyoanguka

Saa moja na robo asubuhi, Alhamisi, kwenye kituo cha kuoshea magari mjini Kisangani, Zaina Amundala anavaa mfuko wa plastiki mkononi. Si glavu. Ni ule mfuko mwembamba wa kufungia karanga, unaochanika hata ukiutazama vibaya. Anaukaza kwa mpira kwenye kifundo cha mkono, anainama, kisha anavitelezesha vidole vinne juu ya mlango wa Mercedes nyeusi iliyooshwa muda si mrefu na ambayo bado inachuruzika maji.

Macho ameyafumba. Vidole vinakwenda polepole, vinasimama, vinarudi nyuma kidogo.

"Hapa," anasema. "Na hapa. Hapa iko tatu pamoja."

Anayetazama haoni kitu. Mlango ni safi, mweusi ti, na uso wako mwenyewe unakutazama kutoka humo. Ukipitisha kiganja kitupu huna la kusimulia. Lakini ukiazima ule mfuko na kuuvaa, mara moja mlango unageuka kuwa ungo wa mchele usiochambuliwa, vipele juu ya vipele. Mwili unasisimka, maana dakika moja iliyopita ungeapa kwamba gari hili halina doa.

Vipele hivyo ni chembe za chuma. Nyumbani linakolala gari hili, upande wa Makiso, jirani ni wachomeleaji wa mageti. Cheche za mashine yao ya kukatia chuma huruka juu ya ukuta, zikatua kwenye rangi zikiwa bado moto na kujichimbia humo. Ongeza utomvu wa mparachichi, ongeza vumbi jekundu la mji, na miaka sita ya kutoguswa na fundi.

Sabuni haizitoi chembe hizo, wala kitambaa. Kinachozitoa ni udongo laini wa kiwandani unaonata, wa rangi ya buluu, ambao watu wa kazi hii Kisangani huuita gomme. Ukiukanda mkononi unalainika kama kwanga, ule mkate wa muhogo, ukiwa umetoka tu jikoni. Unaupitisha juu ya rangi yenye povu nao unazing'oa chembe moja baada ya nyingine.

Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Chembe iliyong'olewa haiendi popote, inabaki imenata kwenye gomme. Ukikandamiza, au ukiacha maji yapungue, au ukisahau kuikunja upate upande safi, unakuwa unaisugua rangi kwa mchanga ulioukusanya mwenyewe. Gari litatoka laini kama yai, na limejaa mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Asubuhi huioni. Jua la saa sita ndilo huianika yote.

Hatua tatu kutoka kwenye gari ameketi mwenye gari, Mama Odile Bolamba, mwenye umri wa miaka sitini na minane, mjane wa daktari Alexis ambaye wazee wa mji huu bado wanamtaja. Mwavuli uliokunjwa umelala magotini mwake. Kiti cha plastiki alichokalia amekuja nacho kutoka nyumbani. Amesema hatanyanyuka hapo mpaka kazi iishe, na sura yake haionyeshi kwamba anatania.

Ana sababu. Miaka sita iliyopita aliliacha gari hili hili mikononi mwa Zaina, akaenda sokoni na roho nyeupe. Alirudishiwa linang'aa. Wiki mbili baadaye, baada ya mvua nne au tano, alitoka kanisani saa sita mchana akaona upande wa kushoto wa boneti umekwaruzwa kwa mistari mirefu, myembamba, iliyopangana kama nyuzi. Alirudi kuuliza. Zaina alimwambia hajui, labda ni kitambaa cha mtu mwingine.

Keshokutwa, Jumamosi, mjukuu wake Joëlle anaolewa, na Mercedes hii ndiyo itakayompeleka kanisani, kama ilivyompeleka mama yake. Mama Odile alijaribu mafundi wengine watatu kabla ya kumeza kiburi chake na kurudi hapa. Anasema hakuna hata mmoja wao aliyefumba macho.

Na safari hii hakuna kukosea. Rangi ya gari hili ni ya zamani, haina ile ngozi ya juu ya vernis ambayo magari ya siku hizi huvaa, na kwa karibu miaka arobaini kila aliyelishika ameipunguza kidogo. Imebaki nyembamba mno. Gari jingine likikwaruzwa, fundi hupitisha dawa ya kung'arishia, akaliparua kidogo na mikwaruzo ikapotea. Hili ukiliparua unafika kwenye bati.

"Hii haina polish," anasema Zaina bila kuinua kichwa. "Ukikwangura, umekwangura. Bon. Donc hatukwanguri."

Zaina ana miaka thelathini na tisa. Ni wa ukoo wa Kiislamu ulioingia mjini hapa enzi za misafara ya biashara na haukuondoka tena. Mama yake, Khadija, alichambua mchele kwenye ghala la sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini, na Zaina alikaa ubavuni pake tangu alipoweza kushika ungo. Mpunga wa huku huanikwa chini, kwa hiyo mchele huja na vijiwe vyake, na vijiwe vyenyewe vina rangi ya mchele. Kutafuta jiwe kwa macho ni kupoteza siku. Mama Khadija alitazama pembeni, akazungumza na majirani, na vidole vyake vikawa vinatupa mawe kana kwamba vina akili yao.

"Mama alisema macho inadanganya, inataka kumaliza mbio," anakumbuka Zaina. "Kidole haina haraka."

Aliingia kwenye kuosha magari akiwa na miaka ishirini na minane, baada ya ghala kufungwa. Alikuwa mwanamke peke yake kati ya vijana wa ndoo na matambara, na vijana hawakumhurumia kwa maneno. Mtu aliyembadilishia maisha ni Carlos, dereva wa malori ya misafara aliyekuwa akisimama hapa kila mwezi. Siku moja Carlos alimwona akipapasa mlango wa gari na kusema kwamba bado una mawe. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Aliporudi mwezi uliofuata alikuwa na kipande cha gomme na ule ujanja wa mfuko wa plastiki, ambao huzikuza chembe vidoleni mara mbili.

Leo kuosha kwa kawaida hapa ni faranga elfu tano, na kupitisha gomme ni dola ishirini na tano. Kuna wiki zinazopita bila gari hata moja la gomme, kwani wenye magari wengi huona limeshang'aa, la nini tena. Asiyejua maana, haambiwi maana. Wiki hizo anaosha pikipiki na kusubiri.

Kazi inaanza, na anayedhani kuosha gari ni ndoo na kitambaa angekaa kimya kama Mama Odile. Kwanza Zaina ametandaza magunia matupu ya mchele kuzunguka gari lote na kuyalowesha, vumbi lisije likapanda. Gari liko chini ya paa la mabati, na kila kipande cha bodi anakipima joto kwa mgongo wa mkono kabla ya kukigusa, kwa kuwa rangi yenye joto hukausha povu kabla kazi haijafanyika. Kisha anachukua gomme yake na kuikata kwa uzi vipande vinne. Sababu ni rahisi, kikianguka kimoja, vimebaki vitatu.

Anamwaga maji ya sabuni, mengi, halafu anaongeza. Gomme inakaa chini ya ncha za vidole vitatu, na vidole havikandamizi. Uzito wake ni ule wa mkono uliosinzia. Anakwenda mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka, eneo lisilozidi kitambaa cha mkononi, bila kuzungusha hata mara moja.

Na kuna sauti. Ni lazima uinamishe sikio karibu na bati ili uipate, *shrrr*, kama mtu anayekwaruza karatasi chumba cha pili. Ndizo chembe zinazong'oka. Sauti inapungua, inakuwa mnong'ono, inakatika. Hapo hapo Zaina anaacha, haongezi hata pasi moja. Anaigeuza gomme, na upande uliokuwa buluu umekuwa na madoadoa ya kahawia. Anaukunja ndani, anaukanda mpaka uso safi utokee, na anaanza mahali pengine.

Mlango mmoja unachukua dakika arobaini. Ulipokwisha, Mama Odile alinyoosha mkono na Zaina akamvalisha mfuko. Mjane akapitisha vidole, mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili polepole. Mkono ulikuwa unateleza tu, kama hakuna kitu chini yake.

"Ni kama siku Alexis alileta hii mutuka nyumbani," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, na akarudi kwenye kiti chake. Kukaa alikaa, ila mwavuli aliuweka chini.

Ukutani, nyuma ya mapipa ya maji, kumepigiliwa ubao. Juu yake vimebandikwa vipande kumi vya gomme, vingine vimepauka, vingine vimepasuka kwa ukavu, kila kimoja na tarehe chini yake kwa kalamu. Ni vipande vilivyoanguka. Gomme ikidondoka chini imekwisha kazi yake, hata kama ilikuwa mpya, kwa sababu inaokota mchanga na mchanga unazama ndani usikooshwa na maji yoyote. Mafundi wengi huisuuza na kuendelea. Zaina huibandika ubaoni.

Mama Odile aliuliza asubuhi ile ubao ni wa nini, akaelezwa. Hakuuliza kuhusu kipande cha kwanza kabisa, kilicho juu kushoto, cha miaka sita iliyopita. Zaina naye hakusema.

Lakini mwandishi wa makala haya anapomuuliza nyuma ya mapipa, mbali na masikio ya Mama Odile, Zaina anaeleza. Siku ile alikuwa na haraka, magari matatu yakimsubiri. Gomme ilianguka kwenye mchanga, akaisuuza, akaendelea. Alisikia ile sauti ikikataa kukatika, akajidanganya kwamba ni uchafu mwingi. Alipoona mikwaruzo alipaka nta nzito juu yake, na nta ikaijaza ikafichika. Ndiyo maana mvua chache tu zilitosha kumuumbua. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa na urefu wa wiki mbili.

Kufikia saa nane mchana paa limekwisha, milango minne imekwisha, buti limekwisha. Gari lilikuwa chafu kupita hesabu yake, na vipande vitatu vya gomme vilikuwa vimejaa chuma hadi visifae tena. Kimebaki cha nne, na boneti. Gomme nyingine ipo njiani kwa binamu yake Héritier, dereva wa lori, ila lori limekwama kwenye tope upande wa Bafwasende, na kwa simu Héritier amesema kabla ya Jumapili asimtegemee.

Kilichofuata kilitokea kwa utulivu wa kutisha. Zaina alikuwa amemaliza upande wa kulia wa boneti. Aliinua mkono kuikunja gomme, vidole vikiwa na povu, na kipande kikamponyoka. Kilidunda kwenye bampa na kutua juu ya gunia.

Alikiokota. Alikitazama pande zote, hakuona mchanga. Gunia lilikuwa limeloweshwa na yeye mwenyewe. Vijana wa ndoo na matambara walikuwa wamekwenda kula, na mwandishi pamoja nao. Na Mama Odile, aliyekuja kulilinda gari lake, alikuwa amelala fofofo kitini, kidevu kifuani.

"Moyo ilianza kusema," anasimulia Zaina. "Ilisema, gunia iko safi, Zaina. Ilisema, harusi ni kesho kutwa. Moyo iko na maneno mingi ukitaka."

Alisimama na kile kipande kiganjani kwa muda asioweza kuukadiria. Nusu ya boneti iliyobaki ilikuwa ile ya kushoto, yenye mikwaruzo ya zamani. Nani angejua mkwaruzo mmoja mpya kati ya ile ya kale? Yeye tu. Kazi yote ya siku ile ilikuwa imefikia hapo, kwenye kitu kidogo kuliko tonge.

Alikwenda ubaoni, akakibandika kwa kidole gumba, akaandika tarehe. Kisha akamgusa bibi begani.

"Mama Odile, gomme imeanguka. Ilikuwa ya mwisho. Capot itabaki nusu."

Mama Odile alitazama boneti, akatazama ubao, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake mikono ikidondosha povu.

"Nilikuwa nalala," alisema. "Hakuna mutu aliona. Unaniambia juu ya nini?"

"Juu ile siku ingine sikukuambia." Zaina alinyoosha kidole kwenye kipande cha juu kushoto. "Ile ya kwanza pale, ni ya mutuka yako. Ilianguka kwenye mchanga, nikaosha, nikaendelea. Kisha nikapaka nta. Kisha ulikuja kuuliza, nikakudanganya."

Mama Odile aliinuka. Alichukua mfuko wa plastiki uliokuwa juu ya pipa, akauvaa mwenyewe. Alipitisha mkono upande wa kulia wa boneti, ukateleza. Akaupeleka kushoto, ukakwama kwenye vipele. Akarudia tena, kulia, kushoto, kama mtu anayepima vitambaa viwili dukani.

"Nilijua toka ile siku," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa nangoja useme. Miaka sita, mutoto yangu."

Zaina anakiri kwamba alilia, na kwamba alijigeuza kusuuza ndoo ambayo tayari ilikuwa safi. Bibi aliondoka na gari lenye boneti nusu. Aliacha kiti.

Harusi ilikwenda. Habari zake zinafika Jumatatu asubuhi, na anayezileta ni Mama Odile mwenyewe, akiendesha kwa mwendo wa msafara wa mazishi ili asirushe kokoto. Anasimulia kwamba wageni walishikashika milango hadi bibi harusi akakosa mahali pa kupita, na kwamba mzee mmoja aliuliza rangi mpya imepigwa wapi. Boneti hakuna aliyeisema, kwa kuwa maua yalikuwa yameifunika yote. Anaeleza haya akiwa amesimama, na Zaina anamtazama akisubiri akae.

Hakai. Anampa ufunguo.

"Ile gomme ya Bafwasende ilifika?"

Imefika. Dereva wa pikipiki aliileta Jumapili jioni, vipande vitatu vizima ndani ya soksi ya Héritier, soksi yenyewe ikiwa imefungwa mafundo mawili.

"Bon. Nitarudi jioni," anasema Mama Odile, na anasimamisha toleka, baiskeli ya abiria. Anapanda upande mmoja, mwavuli mkononi, na kwenda zake sokoni. Hageuki nyuma hata mara moja.

Zaina anabaki ameshika ufunguo. Kiti cha plastiki kiko pale pale alipokiacha Mama Odile Alhamisi, kitupu. Anakivuta karibu na gari na kuweka juu yake ndoo ya maji ya sabuni, isikae chini karibu na mchanga.

Mipango yake ni miwili na anaitaja akiendelea kutandaza magunia. Anataka kupiga sakafu ya saruji hapa kabla ya mwaka kwisha. Na mwezi ujao anawaleta wanawake wawili waliochambua mchele na mama yake, Falonne na Sandrine, ambao tangu ghala lifungwe wanauza makaa. Amekwisha kuwajaribu, kila mmoja na mfuko wake, macho yamefumbwa, kwenye mlango wa gari bovu. Anasema Sandrine alisimamisha kidole mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amepapita.

"Sabuni, maji, kukunja, ile nitafundisha," anasema. "Vidole wako nayo tayari."

Boneti sasa imepoa. Anavaa mfuko, anafumba macho, anaanza upande wa kushoto. Vidole vinasimama kwenye chembe moja, vinasimama kwenye nyingine. Halafu vinafika pale penye mikwaruzo ya miaka sita iliyopita na vinapita moja kwa moja, bila kusita. Anarudi, anapita tena. Mkono huu unaosikia kisichoonekana hausikii kitu hapo, kwa sababu mkwaruzo ni mwembamba mno, ni wa macho tu.

"Unaona?" anasema. "Kwa vidole peke yake, mimi ningesahau ile siku."

Anafumbua macho na kuitazama mistari ile kwa muda. Kisha anakata gomme mpya vipande vinne, anamwaga maji, na anaongeza mengine.